Ubani na uvumba ni kitu kimoja? Ubishi wetu wa Mathayo 2:11 na habari nzima ya utomvu huu wa kale

Msomaji Pekee (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu umezaliwa na ubishi. Jioni moja tulikuwa watu wanne tunasoma Mathayo 2:11, kila mmoja na Biblia yake. Mwenye Union akasoma kwamba mamajusi walileta dhahabu na uvumba na manemane. Mwenye Habari Njema akasoma dhahabu, ubani na manemane. Kaka mmoja akaamua kufunga mjadala: "Ni yaleyale, uvumba ndio ubani." Nikakataa. Nikaambiwa najifanya mjuaji. Haya, mjuaji nimekuja kwa wajuaji wenzangu, na huyo kaka nimemtumia kiungo cha uzi aje ajitetee mwenyewe.

Nianze na neno. Mathayo wa Kigiriki ameandika libanos, na hilo halina utata, ni utomvu wa jamii moja ya miti. Waebrania waliuita levona, Waarabu wanauita lubani. Mzizi ni mmoja, l-b-n, ule unaobeba weupe na maziwa. Kwetu l ya mbele ilidondoka, u ikabaki, neno likaketi kwenye ngeli ya U kana kwamba lilizaliwa humo. Na jina halikutungwa hewani. Mti ukichanjwa, kinachotoka ni majimaji meupe kama maziwa, yakikutana na hewa yanaanza kuganda palepale kwenye jeraha. Mgemaji anaona maana ya neno hilo kila siku ya kazi.

Uvumba ni habari nyingine. Uvumba ni kile kinachofukizwa, na mara nyingi ni mchanganyiko. Nendeni Kutoka 30:34, Musa anapewa fomula: natafi, shekelethi, kelbena, pamoja na ubani safi, vyote kwa kipimo sawa, kisha vitiwe chumvi. Kwa hiyo ubani ni kiungo kimoja kati ya vinne. Kusema uvumba ndio ubani ni kama kusema ukuta ndio tofali. Tena mchanganyiko ule ulikuwa na ulinzi mkali: mtu akitengeneza mfano wake ili anuse mwenyewe, atakatiliwa mbali na watu wake.

Sasa angalieni ubani ulivyokuwa na kazi yake peke yake, nje ya mchanganyiko. Walawi 2: mtu analeta unga laini, anaumiminia mafuta, anaweka ubani juu. Kuhani anachukua konzi ya unga na mafuta, lakini ubani anauchukua WOTE, vinateketezwa madhabahuni. Unga unaobaki ni wa Haruni na wanawe. Walawi 24 ni hivyohivyo: mikate kumi na miwili mezani, ubani juu yake, mikate wanakula makuhani, ubani unachomwa. Nilipoliona hili nilisimama kidogo. Sadaka ina sehemu inayorudi kwa binadamu na sehemu isiyorudi. Ubani daima uko upande usiorudi. Na Walawi 5:11, maskini akileta unga kwa ajili ya dhambi, anaambiwa asitie mafuta wala ubani.

Hilo ndilo linanifanya nikatae "ni yaleyale". Mamajusi hawakuleta mchanganyiko wa hekalu, maana ule ulikuwa marufuku kutengenezwa nje. Walileta malighafi, kitu cha thamani kilichotoka mbali.

Mbali wapi? Mti wenyewe wataalamu wanauita Boswellia, na una ndugu wengi. Boswellia sacra uko Dhofar kusini mwa Oman, Yemen na kaskazini mwa Somalia. Wasomali wana utomvu wa aina mbili wanaoutenganisha vizuri sana: beeyo, na maydi unaotoka kwa Boswellia frereana, mti ambao utaukuta umeng'ang'ania ukingo wa jabali milimani Cal Madow. Ethiopia, Eritrea na Sudan kuna Boswellia papyrifera, gome lake linabanduka kama karatasi. India kuna Boswellia serrata. Manemane hutoka kwa mti mwingine, Commiphora, ila wote ni wa ukoo mmoja.

Boswellia sacra wa mawe ni kiumbe cha ajabu. Shina lake linaweza kuvimba pale chini likawa kama sahani nene iliyobandikwa kwenye mwamba, ndiyo inayoushikilia usiporomoke. Hakuna udongo wa kuuona kwa macho. Wala mti hautaki huruma ya mvua nyingi: Dhofar ubani unaosifiwa kuliko wote, hojari, hutoka nyuma ya milima, upande mkavu ambako ukungu wa kusi haufiki.

Kugema kwenyewe ni kazi ya subira. Wanatumia kisu kifupi chenye ncha butu upande mmoja, Oman na Somalia majina yanakaribiana, mingaf au mingaaf. Mgemaji hakati mti, anakwangua kipande kidogo cha gome, kama upana wa vidole viwili, anaacha. Baada ya wiki mbili hivi anarudi. Utomvu wa kwanza unakuwa mchafu na hauna bei. Anakwangua tena palepale. Wa pili nafuu. Wa tatu na kuendelea ndio matone yale meupe ya kijani-kijani au ya rangi ya asali ambayo watu wanayagombania.

Nikimaliza hapa mtaniambia nimeandika kitabu. Tiririkeni.

Kaa la Moto

Ndiye mimi huyo kaka wa "ni yaleyale". Mkuu, umeandika mengi lakini hujanishawishi. Mtu wa kawaida akisema uvumba anamaanisha kitu cha kuchoma kinukie. Ubani unachomwa unanukia. Tofauti iko wapi kwa mtu ambaye si mwanateolojia?

Halafu swali lingine, kama ni utomvu tu, mbona waufananishe na dhahabu? Gundi ya mti na dhahabu kwenye sentensi moja?

Chetezo

Kaa la Moto, swali lako la pili ndilo tamu, ngoja nilijibu mimi, hii historia naipenda.

Warumi na Wagiriki walikuwa hawana mti huo kwao. Waliuona ukija umeshakuwa mzigo, na hadithi juu yake. Herodotus, mwanahistoria wa Kigiriki, aliandika kwamba miti ya ubani inalindwa na nyoka wadogo wenye mabawa, na kwamba wavunaji huwafukuza kwa moshi wa utomvu mwingine. Hadithi kama hizo bila shaka hazikumuumiza muuzaji. Nani atahoji bei baada ya kusikia habari za nyoka wanaoruka?

Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi wa karne ya 1 BK, hakuwa na nyoka, alikuwa na hesabu. Anasema ubani ulipelekwa kwa ngamia hadi Sabota, ndiyo Shabwa ya Yemen, na ngamia mwenye mzigo huo akichepuka barabara kuu, mwenyewe anauawa. Mjini kulifunguliwa lango moja tu. Makuhani walichukua sehemu ya kumi ya mungu wao kabla ya yeyote kuuza. Halafu safari ya kaskazini, vituo 65 vya ngamia hadi Gaza, na kila kituo kuna wa kulipwa: maji, malisho, malazi, ushuru, walinzi, makarani wa mfalme. Akajumlisha dinari 688 kwa kila ngamia hadi pwani ya Mediterania. Hapo mzigo haujapanda hata meli.

Lakini kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha Aleksandria, kwenye karakana zilizosafisha na kupanga ubani. Wafanyakazi walivaa aproni zilizopigwa muhuri. Kichwani barakoa au wavu wa matundu madogo. Na jioni, kabla ya kutoka mlangoni, walivua nguo zote. Zote. Hayo ni mambo ambayo leo ungeyategemea kwenye mgodi wa almasi. Sasa niambie mkuu, gundi gani nyingine ya mti unayoijua watu wamekaguliwa uchi kwa ajili yake?

Kaa la Moto

Hahaha haya, hapo nimekuelewa. Dhahabu na ubani wakae pamoja.

Nyuki wa Usiku

Chetezo umesahau kisa cha Alexander Mkuu, yule mfalme wa Makedonia. Akiwa mtoto alikuwa anafukiza kwa kujaza viganja viwili, mwalimu wake Leonidas akamkaripia: subiri uzishinde nchi zinakotoka hivi vitu ndipo ufuje. Miaka ikapita, Alexander akaiteka Gaza, akamtumia mzee talanta 500 za ubani na 100 za manemane, na ujumbe kwamba sasa aache ubahili kwa miungu. Talanta 500 ni zaidi ya tani 12. Jamaa alikuwa na kinyongo cha muda mrefu sana.

Chetezo

Nilikuacha ukiweke wewe. Ongezea Nero, kaisari wa Roma. Alipomzika mkewe Poppaea, Pliny anasema wajuzi walikiri kwamba Arabia haitoi kwa mwaka mzima manukato mengi kama yaliyoteketezwa siku ile moja. Na analalamika kabisa: maiti wanarundikiwa, miungu wanapewa punje mojamoja.

Mkono Mtupu

Samahani wadau, naona mnazungumzia utomvu tu. Sisi wengine neno ubani tunalijua msibani. Mtu akisema "nimetoa ubani" hajafukiza chochote, ametoa fedha kwa wafiwa. Hii nayo imo?

Msomaji Pekee (mleta uzi)

Imo, mkuu, na asante kwa kuileta. Ndiyo maana ya pili kwenye matumizi yetu, na wapo wanaojua hiyo tu. Utomvu umeondoka, jina limebaki kwenye mkono unaotoa. Angalia ilivyo sawa na Walawi niliyoitaja: bado ni kitu kinachotolewa bila kutegemea kirudi.

Narudi kwa Kaa la Moto na swali lake la kwanza, maana alilikimbia baada ya kucheka. Tofauti kwa mtu wa kawaida ni hii. Ukisikia "uvumba", uliza: umetengenezwa na nini? Ukisikia "ubani", huna haja ya kuuliza, au hupaswi kuwa na haja. Vijiti vinavyouzwa vimeandikwa ubani mara nyingi ni unga wa mbao uliolowekwa manukato ya maabara. Huo ni uvumba halali kabisa, ufukize. Ubani sio.

Na kuna wengine wawili wanaochanganywa humo. UDI ni mbao, siyo utomvu wa kugema. Ni moyo wa mti wa Aquilaria wa Asia ulioshambuliwa na kuvu, mti ukajihami kwa kujaza mafuta meusi ndani yake. SANDARUSI ni gundi ya msandarusi, mti wa jamii ya mikunde, na ilitafutwa sana kwa ajili ya vanishi. Nyingine ilichimbwa ardhini ikiwa imeshakuwa kama kioo. Inanukia ikiungua, inang'aa, mtu asiyejua anauziwa kama ubani mchana kweupe.

Dawa ya Jino

Mimi nimekuja na lawama. Nilinunua kichupa cha mafuta ya ubani kwa hela ambayo nikiitaja hapa mtanicheka. Muuzaji, simtaji, aliniapia kwamba kimejaa "asidi za boswelia" zinazoondoa maumivu ya magoti. Nimepaka miezi miwili. Magoti yako vilevile, ila nanukia kanisa. Ubani ni dawa au sio dawa?

Mizani

Dawa ya Jino, pole. Nitajibu kwa urefu kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wanapoibiwa.

Punje ya ubani ina vitu vitatu ndani. Kuna mafuta mepesi yanayoruka, hayo ndiyo harufu. Kuna gundi inayoyeyuka kwenye maji. Na kuna sehemu kubwa kuliko zote, utomvu mzito usioyeyuka kwenye maji. Asidi za boswelia ziko kwenye hiyo sehemu ya tatu.

Sasa mafuta ya kichupa yanapatikanaje? Wanapitisha mvuke kwenye ubani, mvuke unabeba vilivyo vyepesi, ukipozwa unapata maji chini na mafuta juu. Asidi za boswelia ni nzito mno, hazipandi na mvuke. Zinabaki chunguni. Kwa hiyo kichupa chako kinaweza kuwa halisi kabisa, kisicho na udanganyifu hata tone, na bado kisiwe na kile ulichoahidiwa. Aliyekuuzia alisoma habari za utomvu akazibandika kwenye mafuta.

Kinachofanyiwa majaribio kwa magoti ni dondoo la Boswellia serrata ya India, lililotolewa kwa kuyeyusha utomvu, likatiwa kwenye vidonge. Asidi hizo huzuia kimeng'enya kimoja kinachochochea uvimbe, hilo limeonekana maabara. Kwa watu wenye magoti yaliyolika, majaribio kadhaa yalionyesha nafuu ya maumivu. Nafuu, sikusema kupona. Na mengi yalikuwa majaribio madogo.

Kichekesho ni kwamba maydi ya Wasomali, inayosifiwa na kulipiwa sana, haina asidi za boswelia. Uzuri wake ni wa kutafuna na kunukia. Kwa hiyo hata neno "ubani" peke yake kwenye lebo halikuambii kitu mpaka ujue ni mti gani.

Saratani: wanaosambaza picha za "ubani unaua saratani" wanazungumzia seli kwenye kisahani cha maabara. Vitu vingi huua seli kwenye kisahani, hata maji ya chumvi kali. Mtu asiache matibabu yake kwa ajili ya ubani.

Utulivu wa akili: mwaka 2008 watafiti walitenga kemikali moja ya ubani, insensoli asetati, wakawapa panya, wakaonekana kupungukiwa na wasiwasi. Panya. Nami nikifukiza natulia, lakini sijui kama ni kemikali au ni kwa sababu nimekaa chini na simu nimeiacha chumba kingine.

Tahadhari mbili za mwisho. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda asiguse vidonge vya boswelia bila daktari wake kujua, na mjamzito naye aulize kwanza. Na moshi ni moshi. Harufu takatifu haiondoi chembe zinazoingia mapafuni. Mwenye pumu, mtoto mchanga, chumba kisicho na dirisha: acheni.

Dawa ya Jino

Aisee. Kwa hiyo nilinunua harufu ya shilingi nyingi. Nashukuru Mizani, umenitibu mfuko.

Chetezo

Mizani umegusa kufukiza, niongezee uzoefu wangu. Nilihudumu altareni tangu darasa la nne, jina langu hapa limetoka huko. Siku ya kwanza kukabidhiwa chetezo nilijaza kijiko nikamwaga juu ya kaa lililokuwa jekundu tu. Moshi ulipanda mweusi, mzito, harufu ya nywele zilizoungua, padre akakohoa katikati ya sala, na mimi nikatamani ardhi ipasuke. Baada ya misa mzee wa sakristia hakunigombeza. Alichukua koleo, akageuza kaa mpaka likavaa majivu meupe pande zote, akaweka punje TATU. Kwanza zikalainika. Zikatoa vipovu pembeni. Halafu ukapanda uzi mmoja mwembamba wa moshi mweupe, ukanyooka kama umevutwa na mtu. Harufu ikaja baadaye, kama ndimu na pilipili manga na mbao mbichi kwa pamoja. Zilipoisha akafuta ule mkaa mweusi uliobaki kabla haujaungua, akaweka nyingine tatu.

Siri yote ni hiyo. Joto likizidi, mafuta mepesi yanateketea kabla hayajaruka na unabaki na utomvu unaoungua. Ukiweka majivu au kibati chembamba kati ya kaa na ubani, tofauti utaisikia mwenyewe.

Na watu wa kale walilijua suala la joto. Kule Tel Arad, kusini mwa Yuda, kuna hekalu dogo la karne ya 8 KK lenye madhabahu mbili za mawe. Mwaka 2020 yalitolewa majibu ya kemia ya mabaki meusi yaliyoganda juu yake. Moja ilikuwa na ubani uliochanganywa na mafuta ya mnyama, ili joto lipande vya kutosha harufu itoke. Ya pili...

Nyuki wa Usiku

Ya pili bangi. Sema tu mkuu.

Chetezo

Nilikuwa nasema, ya pili bangi iliyochanganywa na kinyesi cha mnyama, kwa sababu inahitaji moto wa polepole. Mods msifunge uzi, ni akiolojia.

Kaa la Moto

Hahahaha. Haya sasa, wa vitendo. Mnatambuaje ubani wa kweli? Mimi ninao nyumbani, umekaa kwenye kopo, umeng'aa kweli kama kioo cha asali. Nilidhani kung'aa ndio ubora.

Msomaji Pekee (mleta uzi)

Kung'aa kunanitia wasiwasi, lakini tusihukumu. Punje ya ubani kwa kawaida ina vumbi jeupe juu yake, zinasuguana zikisafirishwa. Fanya mambo mawili.

La kwanza, tafuna punje ndogo. Ubani wa kweli utavunjika mdomoni kama chokaa, uchungu kidogo, kisha baada ya dakika moja mbili utajikusanya uwe kitu cheupe kinachovutika. Oman wanautafuna hivyohivyo siku zote. Ukibaki unga unaonata meno na ladha ya turpentaini, tema.

La pili, chukua glasi ya maji safi, tia punje tano, acha usiku kucha. Ile gundi aliyoieleza Mizani itayeyuka na kuyatia maji weupe, kama maziwa yaliyozimuliwa. Ndiyo l-b-n yenyewe hiyo, unaiona kwenye glasi. Utomvu wa msonobari au sandarusi hauna gundi hiyo, maji yatabaki maangavu.

Jabali

Wadau, mnausifu mti lakini hamjasema unaisha. Mwaka 2019 ulitoka utafiti mkubwa juu ya Boswellia papyrifera wa Ethiopia, Eritrea na Sudan. Katika zaidi ya robo tatu ya misitu waliyopima hakukuwa na miti midogo kabisa. Wazee tu. Kwa miongo kadhaa hakuna mche uliovuka na kuwa mti. Makadirio yao ni kwamba uzalishaji wa ubani utashuka kwa nusu ndani ya miaka 20. Ng'ombe na mbuzi wanakula miche, moto wa kila mwaka unamalizia, na wadudu wanaotoboa shina wanaua wakubwa waliochoka kuchanjwa.

Na kuchanja kupita kiasi kuna ubaya usioonekana haraka. Eritrea walilinganisha mbegu: za miti isiyogemwa ziliota zaidi ya asilimia 80, za miti iliyogemwa sana asilimia 16. Mti unatumia akiba yake kufunga majeraha, hauna cha kumpa mtoto. Kwa hiyo hata ukizuia mbuzi leo, mbegu yenyewe haina nguvu.

Wagemaji wa zamani walikuwa na utaratibu wa kuupumzisha mti. Siwalaumu wa leo, anayening'inia kwenye jabali si yeye anayepata hela ya kichupa cha Dawa ya Jino. Mnunuzi akitaka mzigo mara mbili, chale zinakuwa mara mbili.

Mkono Mtupu

Nimesoma ya Jabali nikaangalia chetezo changu vibaya. Kwa hiyo tuache kununua?

Jabali

Sijasema hivyo. Ukiacha kabisa, mti usio na thamani unakatwa kuni na shamba linalimwa. Nunua kidogo, uliza umetoka wapi, na muuzaji asiyejua hata nchi usimwamini na bei yake. Halafu fuata hesabu ya mzee wa Chetezo. Punje tatu.

Msomaji Pekee (mleta uzi)

Nakazia. Na anayetaka kuiona miti ikitunzwa, kuna Wadi Dawkah huko Dhofar, ni sehemu ya Ardhi ya Ubani iliyoingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, pamoja na bandari ya kale ya Khor Rori ambako mizigo ilipakiwa majahazini.

Kaa la Moto, glasi vipi?

Kaa la Moto

Nilitaka kunyamaza lakini mtaniuliza kila siku. Nimeamka saa kumi na moja kuiangalia. Maji maangavu kama nilivyoyaweka, punje zimelala chini zinanitazama. Nikatafuna moja, mpaka sasa meno ya juu na ya chini yameshikana upande wa kushoto.

Miaka sita nafukiza utomvu wa msonobari nikisema ni ubani. Mleta uzi, umeshinda: huo wangu ulikuwa uvumba. Naomba anayejua kinachoondoa gundi hii menoni ajibu haraka, saa mbili nina kikao.